Maji ya Jana

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, mbele ya wanafunzi wa zamani na wageni wao, siku ya pili ya mkutano wetu)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze kwa muda wa dakika 20 juu ya afya ya mtu mzima. Nilipoisoma nikaona hiyo ni bahari, na mimi si daktari. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Nimefanya kazi ya maji kwa zaidi ya miaka 30: visima, mabomba, matangi na dawa ya kuua wadudu. Kwa hiyo nimechagua kuzungumza juu ya jambo moja dogo ninalolijua kwa sababu lilinitia aibu, nalo ni namna ya kuosha na kutunza kitangi cha maji cha mashine ya kupumulia usingizini.

Naona wengine mnacheka. Chekeni, lakini msiondoke. Jana usiku, pale tulipolala, nimehesabu wanne katika chumba chetu peke yake ambao walikoroma mpaka vioo vya dirisha vikatikisika. Majina yao sitayataja. Wenyewe wanajijua, na shemeji zetu wanawajua zaidi.

Ndugu zangu, mnalikumbuka bweni letu na vile vitanda vya chuma vya kupandana. Mnamkumbuka pia mwenzetu aliyelala kitanda cha chini karibu na mlango, tuliyemwita Garimoshi. Usiku alianza polepole kama gari linalopanda mlima, kisha akashika kasi, na mara ghafula kimya. Kimya hicho tulikihesabu kwa sauti ya chini, sote pamoja gizani: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano, pengine ishirini. Kisha alishtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, nasi tukapiga makofi chini ya mablanketi. Mchana alisinzia darasani, akaitwa mvivu, akachapwa. Alikuwa na akili nyingi kuliko wengi wetu, lakini mtihani wa Kidato cha Nne alianguka.

Garimoshi alifariki mwaka 1998, usingizini. Watu wa nyumbani kwake waliamka asubuhi wakamkuta amekwisha kata roho. Sisemi kwamba najua kilichomwua, maana hakuwahi kupimwa. Nasema hivi tu: usiku ule wote tulikuwa tukihesabu, wala hatukujua tulikuwa tukihesabu nini.

Nililijua jambo hilo mwaka 2018, ilipofika zamu yangu. Mama watoto aliniambia, "Baba, usiku unavuta pumzi kama mtu anayezama, halafu unanyamaza. Mimi nakaa macho nikingoja kama utarudi." Nikaenda hospitali Dar es Salaam, wakanilaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani. Asubuhi daktari akanieleza. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu, hasa tulionenepa shingo, ingawa hata wembamba hupata, hulegea mno mpaka njia ya hewa ikafungika. Kifua kinavuta, lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusu nusu, koo hufunguka, kisha hulegea tena. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu mara moja. Mara 5 kwa saa huanza kuitwa ugonjwa. Kuanzia mara 30 kwa saa ni ugonjwa mkali. Mimi nilikuwa na 41.

Mtu wa namna hiyo halali hata kama amelala saa nane. Mchana husinzia, husahau, hukasirika bila sababu, na shinikizo lake la damu hupanda. Dawa yake kubwa ni mashine ambayo madaktari huiita kwa herufi nne, CPAP, na wauguzi wetu hutamka sipapu. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, pamoja na wenzake, waliijaribu kwa wagonjwa mwaka 1980, na mwaka 1981 wakaieleza katika jarida la madaktari, The Lancet. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, si oksijeni ya mtungi, na kuisukuma kupitia mpira mrefu mpaka kwenye barakoa iliyofungwa puani. Mgandamizo wa hewa hiyo huizuia koo isifunge.

Nilifurahi niliposikia kwamba mgandamizo huo hupimwa kwa sentimita za maji. Nikajiona niko nyumbani! Aghalabu mashine hizi hufanya kazi kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Mtu wa bomba aliyezoea mgandamizo wa mita 30 au 60 ataona ni kitu cha mchezo. Lakini sentimita hizo chache, urefu usiofika hata rula ya shuleni, ndizo zinazomtenganisha mtu na kuzama kitandani kwake.

Sasa naingia katika kitangi chenyewe. Pua ya binadamu imeumbwa kupasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika kifuani. Mashine inaposukuma hewa nyingi usiku kucha, pua huzidiwa, nayo hukauka, huziba, na pengine hutoa damu. Ndiyo maana mashine nyingi zimefungiwa kitangi cha maji kinachokaa juu ya bamba la joto. Maji hupata uvuguvugu, hewa hupita juu yake, hubeba unyevu na kwenda puani. Mimi ninaishi Dodoma, ambako wakati wa kiangazi hewa hukausha hata mate mdomoni. Kitangi kile kwangu kilikuwa neema.

Kilikuwa neema kwa muda wa miezi mitatu. Na sasa ndugu zangu nitaungama.

Nilipewa mashine na kijitabu cha Kiingereza. Kijitabu nilikitia kabatini. Kila usiku nilitazama maji yaliyobaki, nikaongeza ya bomba mpaka kwenye mstari, nikalala. Asubuhi niliyaacha humo humo. Jioni nikaongeza tena. Niliona kitangi hakina haja ya kuoshwa, kwa kuwa hakiingii kitu ila maji. Baada ya muda hewa ikaanza kunuka kama kitambaa kilichokaa kwenye ndoo. Kisha nikapata kikohozi kisichokoma, na macho yakawa yananiwasha asubuhi. Nikasema mashine hii ndiyo inayoniua, nikaifunga katika mfuko na kuiweka juu ya kabati. Mama watoto alisema neno, nikamnyamazisha.

Mwezi Agosti mwaka 2019 nilikuwa nikitoka Morogoro kurudi Dodoma, saa nane mchana, na mjukuu wangu wa miaka 9 amekaa nyuma. Tulikuwa tumekwisha pita Gairo, hatujafika Kibaigwa. Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka sauti ya mtoto, "Babu! Babu!", na kokoto zikigonga chini ya gari, na honi ya lori la mafuta lililotupita karibu kiasi cha kutikisa gari letu. Nilisimama chini ya mti. Mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kuzima injini. Mjukuu wangu nikamnunulia soda, nikamwomba asimwambie bibi yake. Alimwambia kabla hajavua viatu.

Kesho yake mama watoto aliishusha mashine toka juu ya kabati, akaitia mkobani mwake, tukaenda hospitali. Muuguzi mmoja kijana, umri wa binti yangu wa mwisho, aliifungua. Akaniuliza, "Mzee, hili tangi unaliosha mara ngapi?"

Nikamjibu, "Kuosha nini, mwanangu? Humo mnaingia maji tu."

Hakunijibu. Alinipa nilitazame. Chini palikuwa na ukoko mweupe kama wa sufuria ya uji. Pembeni palikuwa na utando wa rangi ya waridi, na nilipopitisha kidole ulikuwa unateleza. Akasema, "Shikamoo tena, Mzee, na unisamehe kwa kukuuliza. Maji haya ungempa mgeni wako anywe?"

Ndugu Mwenyekiti, mimi katika kazi yangu niliwahi kufunga matangi ya taasisi kubwa kwa sababu ya utando kama ule. Niliwaandikia wakubwa barua kali. Na kila usiku mimi mwenyewe nilikuwa nikivuta hewa iliyopita juu ya maji kama yale, saa saba mfululizo, moja kwa moja mapafuni. Daktari hakusema kwa hakika kwamba kikohozi changu kilitokana na tangi. Alisema tu, "Tuoshe kwanza, kisha tuone." Tukaosha. Baada ya wiki mbili kikohozi kikaisha, na mpaka leo mashine haijarudi juu ya kabati.

Kwa hiyo neno langu lote la leo ni hili: mashine chafu haimwui mtu kwa uchafu wake peke yake. Humchosha mpaka akaiacha, na akiiacha, yale maradhi ya kwanza hurudi yakiwa kamili. Dakika chache za kuosha kila asubuhi ndizo zinazomfanya mtu aendelee kuitumia.

Labda mtauliza, kwa nini maji yaharibike, na yamepashwa joto? Hapo ndipo wengi hukosea. Joto la bamba lile si la kuchemsha, ni la uvuguvugu tu. Watu wa maji tunajua kwamba uvuguvugu ni hatari kuliko baridi. Mathalani, yuko mdudu aitwaye Lejionela, aletaye homa kali ya mapafu, ambaye hustawi vizuri kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi. Maji yaliyosimama, yenye uvuguvugu, gizani, ni shamba lililokwisha limwa. Wadudu wakishajishika ukutani hujifunika kwa ule utelezi, na kuanzia hapo kusuuza tu hakuwatoi. Lazima kusugua. Na ukoko ule mweupe ni chumvichumvi za maji magumu. Maji hugeuka mvuke, chumvi hubaki, na usiku hata usiku hujijenga. Ukoko ukikwaruza hupata mianya, na mianya ni vyumba vya wadudu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa utaratibu tuliofundishwa hapa: kazi ya kila asubuhi, kazi ya Jumamosi, na kazi ya muhula.

Kila asubuhi, zima mashine, chomoa waya ukutani, na subiri bamba lipoe, kwa sababu linaweza kukuunguza. Toa kitangi kwanza, kabla hujaisogeza mashine. Mwaga maji yote. Hata kama yamebaki nusu, hata kama yanaonekana safi, mwaga, au mpe mwembe. Usiongeze kamwe maji ya leo juu ya maji ya jana. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato makali. Tumia vidole na kitambaa laini, ufike kwenye pembe na kwenye mfuniko. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, maana utakwaruza plastiki. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Kiache wazi kivulini kikauke, si juani, kwa sababu jua huipasua plastiki. Sehemu ya barakoa inayogusa ngozi nayo ioshe hivyo hivyo, maana mafuta ya uso huifanya ivujishe hewa. Nimepima kwa saa: kazi yote ni dakika 4. Chai haijapoa.

Jioni, nawa mikono, tia maji safi mpaka kwenye mstari na usipite. Weka mashine mahali palipo sawa, chini kidogo ya usawa wa kitanda, ili matone yatakayojikusanya katika mpira yarudi kitangini badala ya kukutiririkia puani. Usiku wa baridi ukisikia mpira unagugumia kama kiko, ndiyo hayo matone. Punguza unyevu kidogo kwa kitufe chake, au uvalishe mpira kitambaa ili usipoe.

Jumamosi ndiyo siku ya ukaguzi. Hapa shuleni Jumamosi tulisimama kando ya vitanda, na kiranja akapitisha kidole chini ya fremu kutafuta vumbi. Fanya hivyo hivyo. Mpira wa hewa uoshe katika beseni la maji ya sabuni, pitisha maji ndani toka ncha hata ncha, suuza, kisha utundike ukauke. Kitangi kiloweke kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya siki kwa sehemu 10 za maji, kwa muda wa nusu saa, kisha suuza mpaka harufu iishe. Siki hiyo ndiyo inayolegeza ukoko. Kama kijitabu cha mashine yako kinasema kipimo kingine, fuata kijitabu.

Jumamosi hiyo hiyo tazama chujio la hewa lililoko nyuma au ubavuni mwa mashine. Yako ya aina mbili. Lile la sponji huoshwa, likakaushwa kabisa ndipo likarudishwa. Lile jeupe la kama karatasi halioshwi, hubadilishwa. Watengenezaji wengi husema libadilishwe angalau kila miezi 6, lakini hao hawajaona vumbi la Dodoma. Mimi hubadilisha mara tu linapogeuka rangi.

Kazi ya muhula, yaani kila miezi 6, ni kukichunguza kitangi mbele ya mwanga. Tafuta nyufa, tafuta plastiki iliyofifia na kukwaruzika, tazama kile kimpira cha kuzuia kuvuja kama kimekauka au kujikunja. Ukisikia mashine inapiga mluzi ambao haikuwa nao, aghalabu kimpira hicho ndicho chanzo, na maana yake mgandamizo aliokuandikia daktari haukufikii wote. Kitangi kilichopasuka hakigundishwi kwa gundi. Kinunuliwe kingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa kitu hiki hauzibwi, hubadilishwa.

Sasa juu ya maji yenyewe. Yaliyo bora ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa tena yakiwa matupu, hayana chumvi wala wadudu. Yakikosekana, chemsha maji yako mpaka yatokote sawasawa kwa dakika 1, au dakika 3 kwa ndugu zetu mnaoishi juu ya mita 2,000, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini fahamuni kwamba kuchemsha huua wadudu, hakuondoi chumvi. Mwenye kutumia maji ya kuchemsha ataona ukoko upesi, na siki yake isikauke nyumbani. Wala usitie maji yakiwa bado ya moto.

Hapa lazima niwape onyo ambalo karibu linigharimu. Mwaka 2020 nilimtuma kijana wa nyumbani akaninunulie maji yaliyokenekwa. Naye aliuliza, akaelekezwa kituo cha mafuta, akapewa chupa "ya betri". Jioni nikaishika chupa ile ya lita moja nikataka kumimina. Mkono ukakataa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo mkono wangu unalijua kwa miaka 30, na chupa ile ilikuwa nzito kupita hivyo. Nikavaa miwani, nikasoma. Haikuwa maji ya betri. Ilikuwa asidi ya betri, asidi ya salfuriki! Tone lililokuwa limedondoka kwenye suruali ya kijana lilitoboa tundu lililoonekana alipoifua.

Wote mliosoma kemia katika maabara ile pale nyuma mnakumbuka sheria ya kwanza iliyobandikwa mlangoni: soma lebo kabla hujafungua. Watu huku mitaani huita vyote viwili "vya betri", na chupa zake hufanana. Kwa hiyo usimtume mtu kituo cha mafuta kwa ajili ya kitangi hiki. Nenda duka la dawa, nenda mwenyewe, na uisome lebo. Na hata yale maji ya betri ya kweli hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Yako mengine ya kuepuka. Usitie jiki, wala spiriti, wala dawa ya kuua wadudu ya chooni. Huila plastiki, na mvuke wake utauvuta wewe. Usitie mafuta ya mkaratusi wala dawa ya kuchua kifua kwa nia ya kufungua pua. Kitangi ni cha maji matupu. Na ziko mashine za pili, zinazouzwa kwa ahadi kwamba zitasafisha mashine yako kwa gesi ya ozoni au kwa mwanga, pasipo kuosha. Mwezi Februari mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya vyombo hivyo, kwa kuwa haikuwa imevithibitisha kwa kazi hiyo, na ozoni iliyobaki inaweza kuudhuru mfumo wa kupumua.

Naongeza jambo kwa wale ambao watoto wao wako ng'ambo na wanaletewa mashine za mtumba. Mwezi Juni mwaka 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mashine zake za namna hii, mamilioni kwa mamilioni, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mtumiaji. Ilielezwa pia kwamba kusafisha kwa ozoni huweza kuharakisha kumomonyoka huko. Kwa hiyo ukiletewa mashine iliyokwisha tumika, mwambie mtoto aangalie kwanza namba yake katika orodha ya zilizoitwa, kisha nunua mpira, barakoa, chujio na kitangi vipya, halafu daktari aipange kwa kipimo chako. Kipimo cha mwingine si chako.

Mambo mawili madogo, nimalize. La kwanza ni safari. Usibebe mashine ikiwa na maji. Mimi niliwahi kuiinua na kuiinamisha, maji yakaingia upande wa mota, nikalala siku 6 bila mashine, nimekaa kitini kama mlinzi. Mwaga, kausha, toa kitangi, kisha funga mkoba. La pili ni umeme. Ukikatika na ukatumia betri, zima joto la kitangi, kwa sababu bamba lile ndilo linalokula umeme mwingi. Mashine bila unyevu kwa usiku mmoja itakukausha pua, lakini koo itabaki wazi. Kati ya hayo mawili, chagua koo.

Ndugu Mwenyekiti, naona mnatazama saa, na mimi nimekwisha zitumia dakika zangu. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wale wenye mashine iliyoko juu ya kabati. Najua mpo, kwa maana wawili wamekwisha nijia tangu jana, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Ishusheni leo. Ifungueni. Kama inanuka, si mashine iliyowashinda, ni maji ya jana. Ioneshe hospitali, uoshe, uanze upya.

La pili ni kwa shemeji zetu. Mkisikia kile kimya baada ya mkoromo, msikione ni nafuu ya kelele. Hesabuni. Kikipita kumi, na kikirudi tena na tena, mwambieni asubuhi, na akibisha mleteni hospitali kama nilivyoletwa mimi.

La tatu ni kwa vijana mnaolala katika mabweni yale tuliyolala sisi. Bila shaka mnaye Garimoshi wenu. Mchana anasinzia na mwalimu anamwona mvivu. Msimpigie makofi. Nendeni kwa matroni, mwambieni mmesikia nini na mmehesabu ngapi, ili apelekwe kupimwa. Sisi hatukujua. Ninyi kuanzia leo mnajua.

Nami kesho asubuhi, kengele ya shule itakapolia, mtakayeamka mapema mtaniona pale bombani nyuma ya bweni, nikiwa na kitangi mkononi na sabuni yangu. Atakaye kujifunza kwa macho na aje, nitamwonesha.